Chini ya Sufuria

Nina fomu tatu na ada ya fomu moja.
Mjomba Lufunga kamaliza ugali, anapangusa mikono:
"Sayansikimu? Yaani Mbuke unakwenda kulipia
kufundishwa kuchemsha maji?"
Mama hajibu. Anaokota kipande cha mkaa,
anaongeza kijistari kwenye ukuta wa jiko.
Kilichosimama ni ndoo ya dagaa iliyokopwa,
kilicholala ni iliyolipwa.
Masika hii ukuta wetu
umesimama wima kama shamba la mtama.

Tulianza na chuo cha mjini.
Geti jipya, bango, picha ya msichana wa kofia nyeupe
anaitabasamia keki.
Ndani, majiko kumi na mawili,
yote bado yamevaa nailoni za dukani.
Mama akainua sufuria, akaipindua,
akaikagua chini
kama anayetafuta upele kwenye tako la mtoto.
Inang'aa.
Akairudisha polepole, isije ikalia.
Njiani ndipo aliposema:
"Watu ambao hawajaunguza chochote
watakufundisha nini?"

Cha pili sikukiona. Kilikuwa karatasi,
kilikuwa siku nzima ya basi na usiku juu yake.
Lishe. Vitambaa. Malezi. Bajeti ya kaya.
Nikaisoma ile orodha mpaka mikunjo ikakatika.
Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kiasi.
Nikakigeuza kuwa ndoo:
mia tatu na arobaini.
Sitasema sikulia. Nililia nikikoroga uji,
ukashika chini.

Cha tatu tulivuka kwa kivuko cha Kamanga.
Paa la viraka, cherehani nne, moja haina mkanda.
Wanaishia diploma; shahada utaifuata kwingine.
Jumanne maji hukatika, walisema bila kuulizwa.
Sufuria nyeusi hadi ukingoni.
Mama, aliyeubana mkoba tangu alfajiri
kama kuku asije akaruka,
akauliza swali lake moja:
"Mtoto wa mwaka mmoja akitema dagaa,
mnawafundisha hawa wafanyeje?"

Mwalimu Kokusima akafikiri.
"Wasage. Lakini wapo wanaotema hata unga wake.
Wewe ulifanyaje?"

Mama akanitazama. Mtemaji nilikuwa mimi.
"Nilitoa vichwa, uchungu uko huko.
Nikakaanga kavu, nikasaga na karanga.
Nikala mwenyewe mbele yake, nikamnyima."
"Ukamnyima?"
"Mpaka akaomba."

Mwalimu akavuta daftari lenye madoa ya mafuta,
akaandika. Kweli akaandika.
"Karanga kiasi gani?"
Mama akakunja kiganja: hiki.
"Hiki ni kiasi gani?"
Hiki.
Ikaletwa mizani, ikaletwa karanga.
Mama akachota, akamimina, akarudi nyuma hatua moja
kama mtu aliyemwaga kitu cha wenyewe.
Gramu thelathini na moja.
Akachota tena. Thelathini na moja.
Mara ya tatu, thelathini,
na moja ilikuwa imebaki kati ya vidole.

Sijawahi kumsikia akicheka vile,
kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jina lake la utotoni.

Kwenye kivuko nikaazima kalamu.
Upepo ulitaka fomu, nikaikalia nusu.
Jina la mzazi. Kazi ya mzazi.
Hapo nikasita. Nilitaka kuandika neno refu,
neno la suti.
"Anauza dagaa," mama akasema, macho yako ng'ambo,
mahali ambapo mawe ya mjini yalianza kuonekana.
"Usipambe."
Nikaandika.
Baadaye kidogo:
"Ungewauliza Jumanne wanachota wapi."